Raha ya mazoezi inatoka wapi, na kwa nini wengine hawaioni

Kila tarehe 1 Januari Zanzibar huupokea mwaka kwa mbio. Vikundi vya mazoezi vya mjini na mashamba hujipanga barabarani, kila kimoja na jezi yake, filimbi zinalia, nyimbo za mchakamchaka zinaitikiwa, na viongozi wa Serikali nao huvaa raba wakatoka. Siku chache zinazofuata, raba ndiyo habari ya mji. Jioni kwenye viwanja vya Maisara mjini huwezi kupita bila ya kugongana na mtu anayetweta. Halafu joto la kaskazi linakaza, safu zinapungua, na barazani linarudi swali la kila mwaka: ikiwa mazoezi yanaleta furaha kama tunavyoambiwa, mbona yanakimbiwa?

Walioacha wana jibu lao: "Mimi mwili wangu hauna hizo homoni za furaha." Wanaoendelea wana lao pia: "Vumilia, maumivu ndiyo faida." Ukiyasikiliza vizuri, majibu haya mawili ni ndugu. Yote yanaichukulia raha kuwa ni ujira unaolipwa baada ya mateso, na anayekosa kulipwa hujiona ana kasoro. Tafiti za katika miaka thelathini iliyopita hazisemi hivyo. Raha ya mazoezi inategemea sana kasi unayokwenda nayo, watu unaokwenda nao, na nani aliyeamua kwamba uende. Ama ile inayoitwa nguvu ya ndani, hiyo ina njia yake nyengine, na haipimwi kwa jasho.

Tukubaliane kwanza juu ya maneno. Mwendo wa mwili ni kila unapojitikisa: kuteka maji, kupanda ngazi za maghorofa ya Michenzani, kuzunguka soko la Darajani na vikapu mkononi. Mazoezi ni mwendo uliopangwa na unaorudiwa kwa nia ya kuujenga mwili. Michezo ina kanuni na mara nyingi ina mshindi. Raha, katika makala hii, ni vile unavyojisikia wakati wenyewe na muda mfupi baadaye. Nguvu ya ndani ni imani ya mtu kwamba akilikabili jambo gumu ataliweza, na uwezo wake wa kusimama tena akiyumba.

Na kiasi ni kipi? Mwongozo wa Shirika la Afya Duniani wa mwaka 2020 unataka mtu mzima apate dakika 150 hadi 300 kwa wiki za mwendo wa wastani, au dakika 75 hadi 150 za mwendo mkali, pamoja na mazoezi ya kutia misuli nguvu angalau siku mbili. Dakika 150 ni nusu saa kwa siku tano. Lililo muhimu zaidi kwa wengi wetu ni kwamba mwongozo huo hauna tena sharti la zamani, lile la kutaka mwendo udumu dakika kumi mfululizo ndipo uhesabiwe. Kushuka daladala kituo kimoja kabla na kumalizia kwa miguu kunahesabiwa.

Homoni ya furaha, au hadithi ya homoni ya furaha

Jina linalotajwa kila mahali ni endofini. Hizi ni kemikali ambazo mwili hujitengenezea wenyewe na zinafanya kazi inayofanana na ya mofini, yaani kutuliza maumivu. Ziligunduliwa miaka ya 1970, wakati huohuo ambapo Wamarekani kwa mamilioni walianza kukimbia barabarani kwa ajili ya afya. Watu wakaunganisha mambo mawili: mkimbiaji anajisikia vizuri, damu yake ina endofini nyingi, basi endofini ndiyo furaha. Hadithi fupi, tamu, rahisi kusimulia, na ndiyo maana haijafa hadi leo.

Tatizo lake ni kwamba endofini iliyo kwenye damu ni molekuli kubwa, na haipenyi kwa urahisi ule ukuta unaotenganisha damu na ubongo. Kuwa nyingi mguuni hakuna maana kwamba imefika kichwani. Mwaka 2008 watafiti wa Ujerumani walipiga picha za ubongo wa wakimbiaji kumi kabla na baada ya kukimbia saa mbili, wakaona dalili kwamba ubongo wenyewe ulikuwa umetoa kemikali za jamii hiyo. Kwa hiyo hadithi haikuwa ya uongo mtupu. Lakini mwaka 2021 wengine, wa Hamburg, walichukua wakimbiaji 63, wakawapa ama dawa inayofunga njia za endofini ama kidonge kitupu, kisha wakawaacha wakimbie dakika 45. Waliofungiwa njia walipata raha ileile, na wasiwasi wao ulipungua vilevile.

Kilichopanda katika damu zao kilikuwa kitu chengine: endokanabinoidi, kemikali za mwilini ambazo hutumia milango ileile ya ubongo inayotumiwa na bangi. (Naomba nisinukuliwe vibaya kesho barazani. Nimesema mwili unajitengenezea wenyewe, bure na kwa halali.) Hizi ni ndogo, zinapita ule ukuta bila ya shida. Tena zina tabia moja ya kupendeza: watafiti waliopima kasi mbalimbali walizikuta zinapanda mtu anapokimbia kwa wastani, wala si anapotembea polepole sana, wala si anapokimbia hadi kukata pumzi.

Kwa hiyo anayesema mwili wake "hauna hizo homoni" amekosea. Mfumo huu tunao sote. Watu hutofautiana tu katika nguvu ya hisia wanayopata. Ile furaha ya kupaa angani inayosimuliwa na wakimbiaji wa mbio ndefu ni adimu hata kwao. Wanachopata wengi ni kitu kipole zaidi: kichwa kuwa chepesi, hasira kushuka, usingizi kuwa mzuri usiku. Anayeisubiri ile ya kupaa anaweza kukipita hiki kipole bila ya kukitambua.

Kasi ndiyo mzizi wa fitina

Ukinilazimisha nichague jambo moja la kuwaambia walimu wa vikundi vyetu, ningelichagua hili. Mtafiti Panteleimon Ekkekakis wa Marekani ametumia miaka mingi kuwauliza watu wanavyojisikia wakati wakiwa mazoezini, si baada ya kumaliza. Alichokiona kinarudiwarudiwa: kuna kiwango ambapo pumzi inabadilika ghafla, mwili ukaanza kuitafuta hewa kwa nguvu. Chini ya kiwango hicho watu wengi wanajisikia vizuri. Wakikikaribia hugawanyika, wengine wanafurahia na wengine wanakereka. Wakikivuka, raha inashuka kwa karibu kila mtu, bingwa na mgeni. Kisha wanaposimama, hali inapanda haraka hata kwa yule aliyekuwa akiteseka.

Hapo ndipo ulipo mkanganyiko. Mtu anasema kwa kweli kabisa, "Nikimaliza najisikia vizuri," na wiki inayofuata haonekani. Watu humwita mvivu. Lakini utafiti unaonyesha kwamba anayejisikia vizuri katikati ya zoezi ndiye mwenye nafasi kubwa zaidi ya kuonekana miezi kadhaa baadaye. Nafuu ya kumaliza haitoshi kumrudisha mtu kwenye jambo lililomuumiza njia nzima.

Kiwango hicho hakihitaji mashine kukijua. Ikiwa unaweza kusema sentensi nzima na mwenzako, uko pazuri. Ikiwa unatoa maneno mawili kisha unavuta pumzi, umeshavuka. Wazee waliotuletea mchakamchaka pengine hawakuwa na habari ya utafiti wowote, lakini walituachia kipimo kizuri kuliko saa za mkononi zinazouzwa ghali: wimbo wa kuitikia. Kikundi kinachoitikia kwa sauti kinajipima chenyewe kila hatua. Sauti za nyuma zikianza kufifia, kiongozi ajue kuwa walio nyuma wameacha kufurahi, na wiki ijayo hatawaona.

Kasi moja kwa watu wawili huwa mazoezi mawili tofauti. Kijana aliyekulia uwanjani anakimbia Maisara akipiga soga. Bibi wa miaka hamsini na tano mwenye presha, akitembea haraka tu njia hiyohiyo, anaweza kuwa ameshavuka kiwango chake. Kumwambia "kaza, Mama, kaza!" ni kumfukuza kwa maneno mazuri. Vikundi vyetu vingi vina ukarimu wa kila aina isipokuwa huu: mgeni anapokelewa kwa makofi, anapewa jezi, kisha anaingizwa katika safu ya wakongwe.

Joto nalo lina sehemu yake. Mwili unapojipoza hupeleka damu nyingi kwenye ngozi, na moyo hulazimika kwenda mbio zaidi kwa kazi ileile. Ndiyo maana mbio nyepesi za Julai, kusi likivuma, huwa nzito mwezi wa Februari ilhali mtu hajabadilika. Anayeanza Januari anaanza katika msimu mgumu kuliko yote, na ni heri alijue hilo kabla ya kujilaumu. Baada ya sala ya alfajiri, au jioni jua likishapoa, tofauti huonekana mara moja.

Na kuna hila ya dakika za mwanzo. Mwaka 2011 watafiti wa Kanada waliwauliza watu watabiri watafurahia mazoezi yao kiasi gani, kisha wakalinganisha na walivyofurahia kweli. Watu walifurahia kuliko walivyotabiri. Sababu ni kwamba, wakiwa wamekaa, akili yao iliganda kwenye mwanzo, na mwanzo ndiyo sehemu mbaya: viungo vikavu, pumzi haijakaa sawa. Kwa hiyo usimwamini sana yule mtu aliye kitandani anayekwambia leo haitakuwa raha. Na usianze kwa nguvu, tembea kwanza.

Kwenda sambamba

Mwaka 2010 Chuo Kikuu cha Oxford kilichapisha jaribio dogo la wapiga makasia kumi na wawili. Walipiga makasia kwenye mashine mara nyengine peke yao, mara nyengine kwa pamoja, nguvu ileile. Baada ya kila zoezi walipimwa uwezo wao wa kustahamili maumivu. Walipofanya pamoja walistahamili zaidi, ingawa misuli yao haikufanya kazi zaidi. Kilichoongezeka ni kwenda sambamba tu.

Kwetu hili si geni, lilikosa vipimo tu. Wavuta nyavu ufukweni huvuta kwa wimbo. Wacheza ngoma ya msewe ya Pemba hukanyaga kwa mdundo mmoja huku misewe waliyojifunga ikilia miguuni, na wanaweza kukesha. Jioni mitaani wanawake wanacheza nage hadi magharibi inaingia, wanakimbia, wanakwepa mpira, wanacheka, na ukimwuliza mmoja wao kama anafanya mazoezi atakwambia hana nafasi ya mazoezi. Dakika arobaini za nage ni mazoezi kamili. Nasema hivi kwa sababu watu wengi wanadhani mazoezi ni lazima yawe na jimu, kioo na vyuma. Vyuma ni vizuri, na misuli inavihitaji au inahitaji kitu cha mfano wake. Lakini anayechukia vyuma akaupenda mpira wa nage ana njia tayari, na kosa ni kumtoa huko.

Hapo tunafika kwenye suala la nani aliyeamua. Wanasaikolojia Edward Deci na Richard Ryan wanasema kuna mahitaji matatu yanayomfanya mtu aendelee na jambo kwa moyo wake: kuhisi kwamba amelichagua mwenyewe, kuhisi kwamba analiweza, na kuhisi kwamba yuko na watu wanaomjali. Sasa mtazame yule aliyetoka hospitali ameambiwa sukari imepanda, afanye mazoezi. Sababu yake ni nzuri kabisa, lakini ni hofu, na hofu humtoa mtu nyumbani kwa wiki mbili tatu. Ikiwa baada ya hapo hajapata kitu anachokipenda, kikundi anachokizoea, au saa anayoiona kuwa ni yake, ile hofu ikishapoa naye anapoa.

"Mimi nalima, mazoezi ya nini tena?"

Kauli hii utaisikia zaidi mashamba, na inastahili kujibiwa kwa heshima kwa sababu ina ukweli ndani yake. Mwili haujui kwamba jembe si mazoezi. Mchumaji wa karafuu aliyepanda mikarafuu kutwa, au mwanamke wa Paje aliyeinama kwenye shamba lake la mwani baharini tangu maji yalipokupwa, kwa upande wa moyo na mapafu ameshafanya mengi kuliko karani anayelipia jimu.

Lakini utafiti wa afya ya akili unatofautisha. Mwendo wa wakati wa mapumziko, aliouchagua mtu mwenyewe, unahusiana na hali nzuri ya nafsi kuliko mwendo wa kazini. Sababu si ngumu kuziona. Kazini huchagui kasi, huamui lini usimame, na mzigo mara nyingi unaangukia kiungo kilekile. Kilimo cha mwani cha biashara kilianza Zanzibar mwaka 1989, na tangu hapo kimewapa wanawake wengi fedha zao wenyewe, na wengi wao maumivu ya mgongo vilevile. Mwanamke huyo hahitaji kuambiwa akimbie kilomita tano. Anaweza kuhitaji mazoezi ya kuunyoosha na kuutia nguvu mgongo, na jioni moja ya mchezo na wenzake ambayo haina kilo za mwani za kuhesabu. Wanaokuja na ratiba moja kwa wote, kutoka mjini, wangelianza kwa kuuliza mtu ameshindaje.

Hadithi nyengine zilizozoeleka nitazipitia haraka. Eti jasho ni mafuta yanayotoka: jasho ni maji na chumvi, na anayekimbia na koti la nailoni Februari anajipikia kiharusi cha joto, hapunguzi kitambi. Eti maumivu ya siku ya pili na ya tatu yanatokana na asidi ya laktiki, ile inayotengenezwa na misuli ikifanya kazi kwa nguvu: hiyo huondoka ndani ya saa moja hivi. Maumivu hayo ni ya nyuzi za misuli zilizochubuka kidogo na kuanza kujitengeneza, na huletwa zaidi na kushuka kuliko kupanda. Mtu wa mjini Unguja, aliyezoea bapa, akienda Pemba akateremka vilima vya Mkoani kwa mbio, atayajua asubuhi ya pili. Si dalili ya ushujaa wala ya madhara, na hayahitajiki ili zoezi liwe na faida. Eti mzee apumzike: mwongozo nilioutaja unawataka wenye miaka 65 na zaidi waongeze mazoezi ya mizani, yaani ya kusimama imara bila ya kuyumba, angalau siku tatu kwa wiki, kwa sababu kuanguka ndiko kunakowamaliza.

Nguvu ya ndani hujengwaje?

Mwaka 1977 mwanasaikolojia Albert Bandura alieleza kwamba imani ya mtu juu ya uwezo wake haitokani na tabia ya kuzaliwa nayo wala na maneno ya kujipa moyo mbele ya kioo. Kubwa kuliko vyote ni kufaulu mwenyewe katika jambo lililokuwa gumu kiasi. Halafu kumwona mtu aliye kama wewe akifaulu. Halafu kutiwa moyo na unayemwamini. Na mwisho, jinsi unavyozitafsiri dalili za mwili wako.

La kwanza ndilo linaloeleweka vibaya zaidi. Watu hudhani kufaulu ni kumaliza mbio kubwa. Fikiria upatu wa mtaani. Anayeaminiwa katika upatu ni yule ambaye kila wiki, mvua inanyesha au jua linawaka, ameleta fungu lake dogo kwa wakati. Aliyewahi kuleta furushi la fedha siku moja kisha akapotea, hakuna anayempa zamu ya mwanzo. Mtu na nafsi yake ni hivyohivyo. Kila mara aliposema "kesho alfajiri natoka" na akatoka, amejilipa fungu, na baada ya muda anakuwa mtu anayejiamini kwa sababu ana ushahidi. Ndiyo maana dakika ishirini zinazotimizwa zina thamani kuliko saa mbili zinazoahidiwa. Hapa kwetu hili tumefundishwa kwenye chuo cha Kurani tangu utotoni, kwamba amali inayopendeza zaidi ni ile inayodumu, hata ikiwa ni kidogo. Tunalikumbuka kwenye nyiradi, tunalisahau kwenye raba.

Juu ya kudumu, ile imani ya siku 21 za kujenga mazoea haina msingi. Watafiti wa London waliowafuatilia watu 96 mwaka 2010 waliona kwamba ilichukua kwa wastani siku 66 jambo kuwa la kawaida, wengine siku 18 tu, na kwa wengine makadirio yalifika siku 254. Na kuruka siku moja hakukuharibu kitu. Anayejiona ameshindwa kwa sababu ya jana aliyolala anajihukumu kwa sheria isiyokuwapo.

La pili, la kumwona aliye kama wewe, lina mfano wake kaskazini mwa Unguja. Nungwi, wasichana waliokulia hatua chache kutoka majini bila ya kujua kuogelea walianza kufundishwa, wakiwa na mavazi yanayositiri mwili mzima, na baadhi ya waliojifunza wakawa walimu wa wenzao. Picha zao, zilizopigwa na Anna Boyiazis, zilipata tuzo katika mashindano ya World Press Photo ya mwaka 2018. Dunia iliona picha nzuri. Msichana wa kijijini aliona kitu chenye nguvu zaidi: jirani yake, mwenye nguo kama zake na wazee wanaofanana na wake, anaelea.

La nne linanivutia kuliko yote. Moyo kudunda, pumzi kufupika, viganja kutoa jasho: hizi ni dalili za mtu anayekimbia, na ni dalili za mtu mwenye hofu. Wako watu ambao wakizihisi huogopa dalili zenyewe, na hofu ikazaa hofu. Majaribio kadhaa yameonyesha kwamba wiki chache za mazoezi zinapunguza woga huo. Mtu anazoea, mara tatu kwa wiki, kuusikia moyo ukidunda kisha ukitulia wenyewe. Siku anapoitwa kwenye usaili wa kazi, au anaposimama mbele ya watu kuzungumza, moyo ukianza vitimbi vyake yeye ameshaijua safari nzima, pamoja na mwisho wake.

Tusivuke mpaka, lakini. Mwaka 1999 Chuo Kikuu cha Duke, Marekani, kiliwachunguza watu 156 wenye umri wa miaka 50 na zaidi waliokuwa na sonona. Baada ya wiki 16, waliofanya mazoezi walikuwa wamepata nafuu inayokaribiana na ya waliopewa dawa, ingawa dawa ilianza kufanya kazi mapema zaidi. Tafiti nyingi za baadaye zinaunga mkono kwamba mazoezi yanasaidia. Lakini mtu aliyezama katika sonona mara nyingi hawezi hata kufunga kamba za raba, na kumwambia "fanya mazoezi tu, itaondoka" ni kumwongezea mzigo wa kushindwa. Asiache dawa zake kwa sababu ya makala. Na ule mzaha wetu wa kumtajia Kidongo Chekundu, hospitali yetu ya wagonjwa wa akili, kila anayehitaji msaada wa akili umewazuia wengi kwenda mapema, wakati ambapo ingelikuwa rahisi kuwasaidia.

Linabaki suala la Ramadhani, kwa sababu miaka hii mwezi unaangukia miezi ya mwanzo wa mwaka na kuyakuta mazoea ya Januari bado machanga. Wengi husimama kabisa, na mwili huanza kupoteza uwezo wake wa pumzi ndani ya wiki mbili hadi nne za kukaa. Si lazima kusimama. Kutembea nusu saa kabla ya futari kunawezekana kwa walio wengi, kwa sababu maji yako karibu. Wanaotaka zaidi wasubiri baada ya tarawehe, wakiwa wameshakunywa vya kutosha. Kasi ishuke. Ukimaliza Idi, usirudi pale ulipoachia. Rudi kwenye kutembea na kuzungumza, kwa wiki moja au mbili, kisha ndipo ukimbie. Mwenye kutumia dawa za sukari azungumze na daktari wake kabla ya mwezi kuandama, kwa sababu saumu, dawa na mazoezi kwa pamoja vinaweza kuishusha sukari kwa ghafla, na hilo halina kikundi kinachoweza kulitatua barabarani.